Kutoka Mwamkulu Kwenda Kwenye Hoteli za Ukoo wa Block

Mpunga wa Mwamkulu, kwetu Katavi, ulikuwa umeshaingia ghalani, nami nikapata nafasi ya safari niliyoitamani kwa muda mrefu: kwenda Kenya kuziona hoteli zilizokuwa za ukoo wa Block, Wayahudi ambao habari zao nilikuwa nimezisoma tu. Sikuwahi kuvuka mpaka wowote. Treni ya Mpanda, inayopita juu ya reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, ilisimama Katumba, na hapo wakapanda wajukuu wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Baadaye Kaliua, Tabora, kisha basi la Singida na Arusha, hadi Namanga, ambako pasipoti yangu iligongwa muhuri wake wa kwanza.

Nairobi nilianzia Norfolk, Barabara ya Harry Thuku. Hoteli hii ilifunguliwa Krismasi ya 1904, wakati mji ungali mabati na matope kando ya reli. Abraham Block, kijana mzaliwa wa Lithuania, alikuwa amefika mwaka mmoja kabla akitokea Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 1903 Wayahudi walichinjwa huko Kishinev, na waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, akapendekeza wapewe ardhi Afrika Mashariki; macho yakaelekezwa kwenye nyanda za Uasin Gishu. Mwaka 1905 mkutano wao mkuu wa Kizayuni uliikataa ardhi hiyo. Block hakuondoka. Alilima, akafanya biashara ndogondogo, akawa anatengeneza magodoro ya kujaza majani makavu na kuiuzia Norfolk. Mwaka 1927 hoteli yenyewe ikawa mali yake.

Nilikaa sana barazani pale, nikiwaza yale magodoro.

Kwa miguu, ukipita kando ya chuo kikuu, unafika kwenye sinagogi la Nairobi, la jumuiya iliyoanzishwa mwaka uleule wa 1904. Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya 1939. Vita ilipoanza, Waingereza waliwaweka kizuizini hata Wayahudi waliomkimbia Hitler, eti kwa kuwa walitoka Ujerumani. Baadhi ya wanawake na watoto walifungiwa Norfolk, katika hoteli ya Myahudi mwenzao! Wafungwa wale walilala katika vyumba vya kifahari bila kujua waume zao watarudi lini. Na katika mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililipuka humo, watu wengi wakafa. Iliaminika kuwa ni kisasi, kwa sababu ndege za Israeli zilizokwenda kuokoa mateka Entebbe mwaka 1976 zilitua Nairobi kujaza mafuta. Wana wa Abraham, Jack na Tubby, waliijenga upya.

Kutoka Nairobi nilikwenda Nyeri kuiona Outspan, hoteli nyingine iliyowahi kuwa ya kina Block; nilifika mchana. Outspan si hoteli ya mjini: bustani pana, bonde la mto Chania chini yake, Mlima Kenya mbele ukijificha mawinguni. Eric Sherbrooke Walker ndiye aliyeianzisha, na Baden-Powell wa skauti aliishi hapo hadi alipofariki 1941. Baadaye Outspan na hoteli ya Treetops ziliingia mikononi mwa kampuni ya kina Block. Nilimwamkia mzee aliyekuwa akipalilia maua, “Shikamoo.” Akacheka, akaitikia, akauliza, “Wewe ni wa Tanzania?” Nikamwambia natoka Katavi, karibu na Katumba.

Hapo ndipo nilipokiona nilichokifuata. Ukoo wa Block una historia iliyoandikwa, kuanzia majani ya magodoro hadi hoteli za kifahari. Warundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo walifyeka pori, wakalima tumbaku na mahindi, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wa makazi ya zamani ya wakimbizi wakatangazwa kuwa raia wa Tanzania. Habari zao nyingi bado ziko midomoni mwa wazee. Walimu na vijana wa Mpanda, chukueni daftari mwende Katumba kabla wazee hao hawajaondoka.