Landrova ya Marehemu Kaka

Wapenzi wa lugha, leo sikuja na shairi. Nimekuja na Landrova.

Ni ile ndefu ya 109, ya miaka ya sabini, aliyoiacha marehemu kaka yangu hapa Nyangoto. Enzi za uhai wake ilibeba mahindi, maharusi, na usiku wa manane wajawazito waliokimbizwa Tarime mjini. Kisha ikakaa miaka mingi chini ya mwarobaini, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekwisha kuja mara tatu na mizani yao. Ndugu kadhaa wanataka tuiuze, maana watoto wa marehemu wanadaiwa ada, na hoja yao ni nzito. Niliomba muda hadi kikao cha ukoo cha Desemba, nikaahidi kwamba gharama zitatoka katika pensheni yangu.

Landrova ya kwanza ilipooneshwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya aluminiamu. Ndiyo sababu bodi ya gari hili ingali nzima, ilhali chesisi, ambayo ni ya chuma, ililiwa na kutu hata kidole kikapenya. Ndiyo sababu pia wanunuzi wanaitamani: aluminiamu ikiyeyushwa huwa sufuria.

Pistoni zilikuwa zimeganda. Fundi wangu, kijana wa hapa hapa, alifungua plagi, akamimina mafuta ndani ya silinda, akasema, "Mwalimu, sasa ni subira." Tukasubiri siku nne. Siku ya tano alizungusha injini kwa mkono: robo, nusu, hatimaye mzunguko mzima.

Kila anachokigusa hukitaja, nami hukiandika katika daftari. Humo nimeona safari za Kiswahili. Neno gari limetoka Bara Hindi. Usukani ni neno la Kiarabu, nalo liliongoza vyombo vya baharini karne nyingi kabla ya kushikwa na madereva. Breki, gia na klachi ni za Kiingereza, sawa na madigadi, neno lililozaliwa kwa ajili ya kukinga matope. Masika yetu hayajalinyima kazi. Nyundo na mafuta ni urithi wetu wa Kibantu. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloomba radhi kwa asili yake. Yote yanafanya kazi.

Mnunuzi wa chuma chakavu analitazama gari lote na kulitamkia neno moja tu: kilo. Fundi ana maneno zaidi ya mia, na kila neno linamwonesha mahali pa kuweka spana. Kitu chenye majina mengi hakiuzwi upesi, kwa kuwa kila jina linadai lisikilizwe kwanza.

Injini sasa inanguruma. Breki bado hazishiki. Tunasubiri mipira ya silinda zake kutoka Mwanza. Sijui ukoo utaamua nini, na uamuzi wao nitauheshimu. Lakini daftari litabaki kwa watoto wa marehemu, gari likiwepo au lisiwepo.

Chuma kile cha kuzungushia injini kwa mkono, fundi wangu anakiita hendeli. Kwenu kinaitwaje? Niandikieni kabla ya Desemba.