Kinga ya Kete Nyeusi

Katika mchezo wa sataranji mwenye kete nyeupe hutangulia, na mwenye kete nyeusi hufuata. Wengi huuona ufuasi huu kuwa msiba. Mimi nimeupenda tangu ujana wangu, kwa sababu afuataye hana budi kujibu maswali mawili kwa wakati mmoja: mwenzake ataka nini, na yeye mwenyewe ataka nini. Ajibuye la kwanza tu ni mwoga. Ajibuye la pili tu ni kipofu. Kinga njema ni hatua moja itoshelezayo maswali yote mawili.

Na tutazame mfano ujulikanao na kila mwanafunzi wa mchezo huu. Mweupe humsogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, na mweusi hufanya vile vile. Kisha mweupe humtoa farasi wa upande wa mfalme, naye humtishia askari mweusi aliye katikati ya ubao. Nani atamlinda?

Aweza kulindwa na askari wa mbele ya askofu wa mfalme, kwa hatua moja. Kwa macho ulinzi huu ni imara, walakini umebomoa ukuta wa nyumba ya mfalme. Mweupe humtoa farasi wake sadaka kwa kumla askari aliyelindwa. Farasi huyo akiliwa, malkia mweupe hutoka mbio kumtisha mfalme, na mfalme ama hukimbilia uwanjani, ama hujikinga na kupoteza ngome. Kinga hii yaitwa kwa jina la Damiano, Mreno ambaye kitabu chake kilichapishwa Roma mwaka 1512. Ajabu ni kuwa yeye mwenyewe aliilaumu, lakini jina lake halikuachana nayo.

Aweza pia kulindwa na askari wa mbele ya malkia. Hii ni kinga ya Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, na ambaye kitabu chake cha sataranji kilitoka mwaka 1749. Ni kinga ya salama, ila mlinzi amesimama mlangoni pa ndugu yake: askofu wa upande wa mfalme hana njia pana ya kutokea.

Mimi humchagua farasi wa upande wa malkia. Humlinda askari, huingia uwanjani, huchunga katikati ya ubao, wala hamzibii askofu ye yote njia. Huo ndio ulinzi ujengao.

Hata hivyo, hakuna kinga isiyo na gharama. Mwaka 2000, mjini London, Kramnik alishindana na Kasparov, bingwa wa dunia tangu mwaka 1985. Kasparov alipompeleka askofu wake kumkabili farasi huyo, mara 4 Kramnik alijibu kwa kumtoa farasi wa pili, katika kinga iitwayo ya Berlin. Malkia wote wawili waliondoka ubaoni mapema; mfalme mweusi akakosa haki ya kujificha pamoja na ngome, na askari wake wawili wakapangana katika safu moja. Lakini bila malkia, mfalme aliye nje hana hofu kubwa, na maaskofu wake wawili walikuwa wazima. Michezo yote 4 ilikwisha kwa suluhu. Katika michezo 15 Kasparov hakushinda hata mmoja, na ubingwa ukahama.

Kwa hiyo, anayenitaka shauri juu ya kinga simwulizi kama ina kasoro, kwa maana kila kinga inayo. Namwuliza kama aijua kasoro hiyo kabla ya adui, na kama alichopata kwa kasoro hiyo kina thamani zaidi. Afuataye hawezi kukwepa hasara zote. Lakini aweza kuichagua yake kabla hajachaguliwa.