Siku zetu nne za kwanza Guangzhou



Tangu turudi kutoka China, kila tunapokutana sokoni, kanisani ao kwenye mkutano wa shirika, mnatuuliza maswali yale yale: Mliona nini kule? Watoto walikula nini? Pesa yote ile ilikuwa ya nini? Tumeona ni vizuri tuwaandikie hapa, ili wote mpate jibu moja. Hatutasema juu ya wiki zote tatu. Tutasema juu ya siku nne za kwanza tu, kwa maana ndizo zilizotufundisha zaidi.

Tuliondoka Lubumbashi watu watatu, wakati wa likizo kubwa: mama mwalimu, binti yetu wa miaka 11, na mdogo wake wa miaka 7. Baba yao anafanya biashara Guangzhou, na alikuwa hajarudi nyumbani tangu miaka mitatu. Binti alimkumbuka vizuri. Mdogo alimjua baba wa ndani ya telefone tu: uso mdogo, sauti inayokatika, na maneno "Unasoma vizuri?" kila siku ya Mungu.

Watu wa jamaa walituambia kwamba pesa ya tikiti ingetosha kuanza msingi wa nyumba kwenye lupango letu. Lilikuwa neno la akili, na tulilipima usiku mwingi. Mwishowe tukaona kwamba lupango halina miguu, litangoja. Mtoto hangoji. Basi tulipopata zamu yetu ya likelemba, tukaongeza akiba ya mshahara na pesa aliyotuma baba, tukakata tikiti.

Siku ya kwanza: kufika

Guangzhou ni mji mkubwa wa kusini mwa China, makao makuu ya jimbo la Guangdong. Waliosoma vitabu vya Kifaransa wanaujua kwa jina la Canton. Umekaa kando ya mto Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu, na hesabu ya mwaka 2020 ilipata humo watu zaidi ya milioni 18. Tangu mwaka 1957 kuna maonyesho makubwa ya biashara, mara mbili kwa mwaka, na hiyo ni sababu moja inayowavuta wafanyabiashara wetu. Viatu vingi, telefone na masufuria tunayonunua hapa kwetu vilianza safari yao upande ule.

Tulipita Addis Ababa, kisha tukaruka usiku kucha. Lubumbashi tuliacha baridi ya mwezi wa saba na vumbi. Guangzhou tukakuta joto lenye unyevu, nguo zinashika mwilini kabla hujafika kwenye gari. Saa za kule ziko mbele ya Lubumbashi kwa masaa sita. Watoto walikuwa wanasinzia mchana na kucheza usiku, na ilichukua siku tatu miili yao kuzoea.

Baba alitungojea kwenye mlango wa kutokea. Binti akakimbia. Mdogo akashika kikwembe cha mama, akanyoosha mkono kama anavyosalimia mgeni, akasema: "Jambo, papa." Baba yake hakumlazimisha. Alimpa mkono, akachukua sanduku, tukaenda. Wamama, mwenye kuwa na bwana wa mbali anajua namna moyo ulivyotupiga hapo.

Tulipanga kwenye kartiye ya Xiaobei, mahali Waafrika wengi wanakutana kwa biashara. Kwenye kona moja tulisikia Kifaransa, Lingala na Kiswahili, na harufu ya samaki wa kukaanga. Binti akasema: "Mama, tumefika soko la Kenya!" (Kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komini yetu moja ya Lubumbashi.) Tulicheka, na woga ukapungua. Siku hiyo hiyo tulijiandikisha, kwa maana sheria ya kule inataka mgeni ajulikane na polisi ndani ya masaa 24. Ukilala hoteli, wenye hoteli wanakufanyia. Ukilala kwa mtu, unakwenda mwenyewe.

Siku ya pili: mbuzi watano

Asubuhi baba alitupeleka kwenye bustani kubwa ya Yuexiu. Huko juu ya kilima kuna sanamu ya mawe ya mbuzi watano, na mkubwa ana suke la nafaka kinywani. Wazee wa mji wanahadithia kwamba zamani njaa ilikuwa imewashika watu wa pale. Watakatifu watano wakashuka kutoka mbinguni juu ya mbuzi watano, wakawapa watu masuke ya nafaka, wakawabariki wasipate njaa tena. Watakatifu wakaondoka, na mbuzi wakageuka mawe. Ndiyo maana Guangzhou inaitwa pia Mji wa Mbuzi.

Mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia baba yake: "Na hakuna mtu aliyewala?" Lilikuwa swali lake la kwanza kwa baba tangu tufike. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo maswali hayakukauka.

Katika bustani ile tuliona jambo ambalo tungependa mlione. Wazee wamejaa pale tangu mapema. Kuna vikundi vya wamama wenye mvi wanaocheza kwa muziki, mistari iliyonyooka, mikono inapanda pamoja. Wengine wanatembeza wajukuu, kwa maana kule pia nkambo ndiye analea wakati wazazi wako kazini. Kila mmoja ana chupa yake ya maji ya moto. Wachina wanakunywa maji yaliyochemshwa, hata siku za joto. Kwa sisi tunaopigana kila mwaka na kipindupindu, hilo ni somo la bure: chemsha, kisha kunywa.

Kisha tulikwenda kunywa "chai ya asubuhi", desturi ya watu wa Guangdong. Ni chai kweli, lakini inakuja na sahani ndogo ndogo nyingi: maandazi ya mvuke yenye nyama, kamba waliofungwa ndani ya unga mwembamba, na uji wa mchele wenye chumvi. Watu wanakaa pale masaa mawili, jamaa nzima, wanazungumza. Mtu akikumiminia chai, unagonga meza polepole kwa vidole viwili. Ndiyo asante yenyewe. Baba alimfundisha mdogo, na mdogo aligonga meza kila mara, hata chai isipomiminwa.

Siku ya tatu: nyumba ya watoto wa ukoo

Siku hiyo ndiyo tulitaka hasa kuwaeleza nyinyi wa vikundi vya akiba. Tulikwenda kwenye jumba la ukoo wa Chen, lililomalizika kujengwa mwaka 1894. Paa lake limejaa sanamu za udongo za rangi, milango imechorwa kwa patasi, kila boriti ina hadithi. Leo ni makumbusho ya kazi za mikono. Lakini sababu ya kujengwa kwake ndiyo iliyotushika.

Zamani zile, kijana wa China aliyetaka kazi ya serikali alipaswa kupita mitihani mikubwa. Mitihani ilifanyika mjini, na mtoto wa kijijini hakuwa na mahali pa kulala wala pa kusomea. Jamaa za jina la Chen kutoka wilaya nyingi za Guangdong zikachanga pesa, zikajenga nyumba moja mjini, ili watoto wao wakija kwa mitihani wawe na kwao. Mwaka 1905 serikali ya mfalme ilifuta mitihani ile, miaka 11 tu baada ya jumba kumalizika. Wenyewe hawakulifunga, wakaligeuza kuwa shule.

Tulisimama pale uani kimya. Sisi walimu tunawajua watoto wetu wenye akili wanaotoka vijijini kuja kusoma mjini, wanalala kwa mjomba asiyewataka, wanaosha vyombo mpaka usiku wa manane, kisha tunawaandikia alama mbaya. Likelemba yetu inanunua vikwembe, sahani na viti vya plastiki. Si vibaya. Lakini vikundi kumi vikiweka pembeni sehemu ndogo kila mwezi, je, haviwezi kupanga nyumba moja kwa mabinti wetu wanaosoma mbali, na mama mmoja wa kuwaangalia? Tunaliacha swali hilo mikononi mwenu kwa mkutano ujao.

Tunasema mabinti kwa makusudi. Binti yetu alizunguka vyumba vyote, akarudi na uso wa kukunja: "Mama, wasichana walilala wapi?" Tukamwambia ukweli: wasichana hawakuruhusiwa kufanya mitihani ile. Jumba lile zuri halikujengwa kwa ajili yao. Leo, kila mwezi wa sita, wasichana na wavulana wa China wanaketi pamoja kwa mtihani mkubwa wa kuingia chuo kikuu. Binti akafikiri, akasema: "Basi sisi tusijenge kama la zamani." Hatukuwa na neno la kuongeza.

Siku ya nne: mawe na taa

Ilikuwa siku ya Mungu. Tulikwenda kwenye kanisa kubwa la Moyo Mtakatifu, ambalo Wachina wanaliita Shishi, Nyumba ya Mawe. Lilijengwa kuanzia 1863 mpaka 1888, na kuta zake zote ni za mawe ya graniti, na minara miwili mbele. Ndani tuliona Wafrika wengi, wamama wenye vikwembe kama vyetu, watoto mgongoni. Ukiwa mbali na kwenu, wimbo wa kanisa unaoujua unakaa kama bukari moto tumboni.

Jioni tulishuka kando ya mto kuangalia mnara wa Canton, uliofunguliwa mwaka 2010. Una urefu wa mita 600. Tikiti ya kupanda ni ghali kwa watu wanne, basi tuliuangalia kutoka chini, bure, na tulishiba. Giza lilipoingia mnara ukabadilisha rangi, nyekundu, buluu, kijani, na nyumba zote za ng'ambo zikawaka.

Binti akauliza swali tulilolingojea: "Mama, kwa nini kwetu taa zinazimika?" Baba alimwonyesha telefone yake. Ndani ya betri ya namna hii, akamwambia, mara nyingi kuna kobalti, na nchi yetu ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Ndani ya nyaya za taa zile kuna shaba, na huenda nyingine ilipita kwenye barabara yetu juu ya malori. "Basi taa hizi ni zetu kidogo," akasema mdogo. Baba akajibu: "Jiwe ni letu, mwanangu. Kazi ya kuligeuza taa ni ya waliosoma namna ya kuligeuza. Hiyo bado hatujaishika." Hakuwatukana Wachina, wala hakuwadharau Wakongo. Tuliona ni jibu ambalo mtoto anaweza kulibeba bila kuvunjika moyo.

Kurudi tulipanda metro. Ilijaa watu. Mdogo alipanda mwenyewe juu ya magoti ya baba yake, akalala, mate yanashuka kwenye shati. Baba hakusogea mpaka tulipofika, hata mguu wake ulipokufa ganzi. Tulipita kituo chetu kimoja mbele kwa sababu hakuna aliyetaka kumwamsha.

Mashauri machache kwa mwenye kusafiri

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti. Andikisha anwani ya mahali mnapolala kwa maandishi ya Kichina, na mtie kila mtoto karatasi hiyo mfukoni. WhatsApp na Facebook hazifunguki kule kama hapa. Watu wa kule wanatumia WeChat, basi panga mapema namna ya kuongea na nyumbani. Karibu kila kitu kinalipwa kwa telefone, lakini weka yuan za karatasi kidogo. Beba karatasi ya choo kwenye mfuko, sababu vyoo vingi vya njiani havina. Na usiwafundishe watoto kusema "chakula kibaya" kabla hawajaonja.

Baba wa watoto bado yuko Guangzhou, kazi haijakwisha. Sasa akipiga telefone, mdogo anamnyang'anya dada yake, na wanaongea juu ya mbuzi. Msingi wa nyumba utaanza mwaka ujao, Mungu akipenda.

Tunajua wengi wenu hamna tikiti ya ndege, na hatuwaandikii ili mtamani. Kama baba wa watoto yuko kwenye machimbo ya Kolwezi ao Likasi, basi ni ya siku moja. Msingoje mpaka mtoto anyooshe mkono kama anavyosalimia mgeni. Wapelekeni.

Amani kwenu wote nyumbani.