Kila Ndege na Ubawa Wake

Mwendo wa saa tisa na nusu alasiri, tarehe 24 Desemba, mlango wa wanaowasili katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, haupitiki kwa urahisi. Ndege za kutoka Nairobi huteremsha watu wanaorudi kwao, nazo za kutoka Ulaya huteremsha watalii walioikimbia baridi, baadhi yao wakiwa wamevaa kofia nyekundu za Krismasi juu ya nyuso zilizokwisha kulowa jasho. Nje, katika jua kali la Changamwe, madereva wa teksi husubiri, huyu kavaa kanzu na kofia, yule rozari inaning'inia kwenye kioo cha gari lake.

Katika umati wa namna hiyo, mwaka mmoja usio wa mbali, alitokea kijana mwenye mkoba mmoja. Alikuwa mzaliwa wa Changamwe, naye alikuwa ameajiriwa Nairobi. Kwa miaka miwili hakuwa amerudi nyumbani kwa Krismasi. Majirani walidhani kwamba kazi ndiyo iliyomshika, lakini sababu ilikuwa nyingine. Kijana huyo, mwana wa mama mwimbaji wa kwaya, alikuwa ameacha kuamini. Hakuwa ameihama dini moja akaingia nyingine. Alibaki bila dini yoyote, na mama yake alikuwa hajui.

Aliyekuja kumpokea alikuwa jirani yao, mzee wa Kiislamu aliyeendesha teksi uwanjani hapo tangu kijana yule hajazaliwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Mamako amenipigia simu mara tatu." Mzee aliutia mkoba ndani ya gari, akatazama saa. "Alasiri imeingia. Nisubiri kidogo nikaswali, kisha twende. Yule mbuzi wa mamako anangoja kisu changu."

Kauli hiyo ya mwisho haihitaji ufafanuzi kwa mkazi wa Pwani. Katika mitaa mingi ya Mombasa, familia ya Kikristo inayotaka kuwaalika jirani zake humwita Mwislamu aje kumchinja mbuzi au kuku wa sikukuu, ili pasiwe na mgeni wa kukaa na njaa mbele ya sinia. Inapofika Idi, sahani hupita njia ile ile, safari hii ikitoka upande wa pili. Mkristo hasilimu kwa kumwachia jirani kisu, wala Mwislamu habatizwi kwa kula pilau ya Krismasi. Kila mmoja anajua imani ya mwenzake inapoanzia na inapokomea, na kwa kujua hivyo wanaweza kuketi pamoja.

Kijana alibaki peke yake kando ya gari. Simu ikalia.

"Umeshuka salama, mwanangu? Misa ya mkesha ni saa tatu usiku. Shati lako nimekwisha kulipiga pasi."

"Nimefika, Mama. Tutaonana," akajibu, akakata simu upesi kuliko alivyokusudia.

Je, asiyekuwa na dini ana haki gani katika Krismasi? Historia inaonyesha kwamba sikukuu hii haijawahi kuwa na mipaka iliyonyooka. Wapo Wakristo wasioisherehekea kabisa, mathalani Mashahidi wa Yehova. Wakristo wa Orthodoksi nchini Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari. Mwaka 1647, Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, lilipiga marufuku sherehe za Krismasi, na waliofanya hivyo walijihesabu kuwa Wakristo halisi. Kwa upande wa pili, nchini Japani, ambako Wakristo ni takribani asilimia moja tu ya watu, mitaa hupambwa na keki huliwa kila Desemba. Aidha, Waislamu wasioisherehekea Krismasi wanaisoma habari ya kuzaliwa kwa Isa bin Maryamu katika sura ya 19 ya Kurani. Basi kuamini ni jambo moja na kusherehekea ni jambo jingine. Mara nyingine hukutana, mara nyingine hupishana njiani.

Sheria nayo imekwisha kusema yake. Kifungu cha 8 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaeleza kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Hata hivyo, chama cha Wakenya wasioamini Mungu kiliposajiliwa Februari 2016, usajili wake ulisimamishwa Aprili mwaka huo huo, baada ya malalamiko ya viongozi wa dini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 waliosema kwamba hawana dini. Bila shaka wengi wao wana mama, na mama hao wana meza za sikukuu. Katiba humlinda raia mbele ya mahakama. Mbele ya mama yake hana wakili.

Mzee alirejea, mikono yake ikiwa bado na unyevu wa udhu. Alimkuta kijana ameinamisha kichwa.

"Una nini?"

"Mzee, mimi siamini tena. Si kanisa tu. Siamini kabisa."

Mzee hakujibu mara moja. Aliuegemea mlango wa gari.

"Ungeniambia umesilimu, ningefurahi, na mamako angelia. Ungeniambia umehama kanisa, angenung'unika, mwisho akazoea. Lakini wewe waniambia huna lolote. Hilo, mwanangu, sijui niliweke wapi."

Maneno hayo yalikuwa ya haki, na yaligusa mahali panapouma. Uvumilivu ambao Mombasa inajivunia ni uvumilivu baina ya wenye dini. Mwislamu anajua pa kumweka Mkristo, na Mkristo anajua pa kumweka Mwislamu. Asiye na dini hajatengewa mkeka. Huulizwa ni wa upande gani, na akisema si wa upande wowote, hudhaniwa kwamba amepotoka, au kwamba anawadharau walioamini.

"Sikiliza," Mzee akaendelea. "Mwaka 2002, tarehe 28 Novemba, tulikuwa ndani ya Ramadhani. Asubuhi ile makombora yalirushwa kwenye ndege ya Waisraeli iliyokuwa imetoka kuruka hapa. Mwenyezi Mungu akajaalia yasiipate. Lakini kule Kikambala hoteli ililipuliwa, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Wamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Baada ya siku ile, abiria alikuwa akifika hapa, akaitazama kofia yangu, akapita akaenda kwa dereva mwingine. Hakuniuliza mimi ni nani. Mwezi mzima sikupata kitu. Unajua nani aliyeleta futari nyumbani kwangu?"

Kijana alijua. Alikuwa mtoto mdogo, lakini aliikumbuka sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, na mama yake akimhimiza asiimwage.

"Mamako hakuniuliza kama nawaunga mkono waliofanya vile. Alinijua. Basi naye anakujua wewe. Ila mambo mawili. Usiidharau sala yake. Na usimdanganye: ukipiga magoti kando yake na moyoni hamna kitu, utakuwa unamchezea. Mimi nami nitaendelea kukuombea. Hilo usinikataze."

"Sikukatazi, Mzee."

Kwa mtazamo wa haraka, mazungumzo hayo hayakumaliza jambo. Mzee hakuacha kuamini kwamba kijana amekosea, wala kijana hakubadilisha msimamo wake. Lakini kuvumiliana si kukubaliana. Wanaokubaliana hawana la kuvumilia. Asiyeamini anadaiwa deni lile lile analowadai wengine: asiikejeli imani ya mwenyeji wake anapoketi kwenye sinia lake. Naye mwenyeji anadaiwa kutoligeuza sinia kuwa mtego wa kumrudisha mgeni kundini. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hawakusema kwamba ndege hao hawawezi kutua kwenye mti mmoja.

Kijana alitoa simu.

"Mama, usiku nitakusindikiza. Nitaketi nikusikilize ukiimba. Lakini komunyo sitapokea. Siamini tena, Mama, kwa miaka miwili sasa. Sikutaka uligundue hilo mbele za watu."

Upande wa pili ukawa kimya. Kipaza sauti cha uwanjani kikatangaza ndege ya kuelekea Nairobi, kikarudia tangazo lile kwa Kiingereza, na bado mama hakuwa amesema neno.

"Haya," hatimaye alisema, kwa sauti iliyopungua. "Hayo tutayazungumza sikukuu ikipita. Mwambie Mzee afanye haraka. Mbuzi hajachinjwa, na magharibi yakaribia."

Hakusema kwamba amekubali, na kijana hakutarajia aseme hivyo. Mzee aliwasha gari. Teksi ikatoka langoni, ikashika njia ya Magongo.