Likizo ya Fundi Haina wa Kuitia Saini



Inshaallah Jumanne mimi na mume wangu na watoto tunaondoka kwenda Muscat kumtembelea shangazi yangu, siku kumi na mbili. Tangu habari ienee mtaani, kila anayepita kibarazani ananiambia neno lile lile: "Wewe una raha, umejiajiri, unajipa likizo mwenyewe." Nacheka, naitikia alhamdulillah, lakini moyoni nasema laiti wangejua.

Mume wangu ni mwajiriwa. Yeye alijaza fomu, mkubwa wake akatia saini, na mshahara wake utaingia kama kawaida. Mimi sina wa kunitilia saini. Siku nikizima cherehani na riziki yangu ya siku hiyo inasimama. Na zaidi ya pesa, kuna vitambaa vya watu kabatini. Kila kitambaa kina mwenyewe, na wengi wao ni mabibi harusi ambao siku yao haiwezi kuahirishwa kwa sababu fundi yuko safari.

Kwa hiyo nilianza kwa kuangalia miezi. Nyie mnajua harusi zetu. Rajab na Shaaban kila familia inakimbilia kuozesha kabla ya Ramadhani, na Ramadhani yenyewe fundi hana usingizi kwa nguo za Sikukuu. Mfungo Mosi harusi zinaanza tena. Mwaka huu nikaona nafasi yangu ni mwisho wa Mfungo Tisa, ambao umeangukia Disemba. Skuli zimefungwa, Rajab haijaingia, na Muscat wakati huu ni baridi ya kupendeza. Ukienda katikati ya mwaka, joto la kule linapita nyuzi 40.

Nauli niliianza mwaka jana. Kila nguo niliyomaliza na kulipwa, gauni au dera, nilitoa shilingi 5,000 nikaweka pembeni. Siku nyengine nguo moja, siku nyengine tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi ni shahidi.

Hapa ndipo palipo na mtihani wa kila aliyejiajiri. Katika mtoto wa meza nina bahasha mbili. Moja ni ya nauli, ya pili ni ya arubuni za wateja. Mwezi uliopita nauli ilipanda, na bahasha ya kwanza ikapungukiwa. Ya pili ilikuwa imejaa, pesa taslimu, na hakuna ambaye angejua. Shetani hana kazi kubwa hapo, anakwambia tu "utarudisha." Lakini arubuni kwangu si pato mpaka nguo imevaliwa ikamkaa mwenyewe. Kabla ya hapo ni amana, na katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Nikaifunga ile bahasha, nikashona sare za mashuga wa bibi harusi mmoja usiku kwa usiku wiki mbili, na kilichopungua kikapatikana kwa halali.

Utaratibu wangu wa kazi ulikuwa hivi, na naueleza kwa sababu huenda ukamfaa mwenzangu anayesuka, anayepika keki au anayepaka hina. Wiki nne kabla ya safari nilifunga daftari, sikupokea kazi mpya. Wiki moja kabla, kila mteja awe ameshajaribu nguo yake mara ya mwisho. Siku tatu za mwisho mkasi haushikwi, ni kupiga pasi, kutia vifungo na kukabidhi. Pamoja na nguo narudisha na mabaki ya kitambaa, hata kiwe kipande cha kufunikia sahani, kwa sababu kile kipande si changu.

Kuandika ni rahisi, kutenda ndiko kuna kazi. Siku kumi kabla ya safari alinijia mama mmoja na binti yake, wameshika satini na lasi kutoka Mchangani, nzuri mashaallah. Harusi yao inaangukia siku ambazo sipo. Mama akasema atanilipa mara mbili. Dada zangu, mara mbili ile ingenisaidia sana. Lakini najua kazi yangu. Bibi harusi wiki ya mwisho hali, halali, anapungua. Gauni lililomkaa leo, siku ya ukumbi linampwaya. Lazima fundi awepo na sindano yake. Nikamwambia, "Mama, nikipokea nitakuwa nimechukua pesa yako na kumwacha mwanangu huyu peke yake siku anayonihitaji." Nikawapeleka mwenyewe kwa fundi mwenzangu ambaye mkono wake naujua. Binti alishukuru. Mama alisema ufundi umenipa kiburi. Iliniuma, na mpaka leo salamu yake ni fupi. Lakini ahadi ni deni, na mimi sikutaka kupanda ndege na deni la bibi harusi wa mtu.

Jioni moja baada ya Isha nikakaa na dada yangu, nikamwonyesha daftari. Nani ananidai, nani namdai, mashine ya ovaloki bado nailipia kiasi gani. Akaniuliza kwa nini namwambia maneno ya kufa wakati nakwenda kutembea. Nikamwambia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asikae hata usiku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Safari inanikumbusha tu. Nikawaomba radhi wateja na majirani pia, na wengine wakaniomba mimi.

Mambo ya karatasi nayo yasiachwe mwisho, hasa nyie mabibi harusi mnaotarajia fungate nje. Tazama pasipoti mapema, iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake. Majina ya kwenye tiketi yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye pasipoti. Viza iombwe kabla ya kuanza kupanga masanduku. Na jifunze sala ya safari kabla hujafika uwanjani: Adhuhuri, Alasiri na Isha msafiri anazipunguza kuwa rakaa mbili mbili, Magharibi na Alfajiri zinabaki kama zilivyo.

Sanduku langu lina kanga za shangazi, ubuyu, hiliki na mdalasini. Nguo zangu mwenyewe, tusiulizane. Kinyozi hajinyoi, na mimi abaya yangu ya safari bado haina pindo. Nitaimaliza kesho, cherehani ikiwa yangu peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

Natamani kusali katika ule msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos, kuzunguka soko la Mutrah nikishika vitambaa bila ya kukisia bei ya kumshonea mtu, na kulala baada ya Alfajiri siku moja tu. Naamini usingizi huo utakuwa mtamu, kwa sababu kabati langu la kazi sasa ni tupu.

Wewe uliyejiajiri, pumzika, mwili wako nao una haki juu yako. Lakini ipangie likizo yako kama unavyompangia mteja, na watu uwaache radhi. Na wewe bibi harusi, muulize fundi wako mapema kama atakuwepo wiki ya harusi yako.

Tuombeeni safari ya salama. Nikirudi, daftari linafunguliwa siku ya kwanza ya Rajab, inshaallah.