Neno Linalotoka ku Mnara wa Luano

Ndugu msomaji, siku utakapoenda kupokea mgeni ku Luano, uwanja wa ndeke wa Lubumbashi, usiangalie tu mlango wa kutokea. Inua macho, uone mnara. Ndani yake kunakaa watu ambao msafiri hajui sura yao, lakini maisha yake yanategemea maneno yao.

Mwaka moja, wakati wa mvua, nilikuwa ndani ya ndeke. Tulipokaribia mji tukaanza kuzunguka. Wengine wakanung'unika: "Huyu piloti amepotea?" Hapana. Yeye alikuwa amesikia neno la mnara, sisi hatukulisikia.

Neno gani? Kwanza upepo. Mnara unasema kwa redio: "Upepo digri 90, noti 12." Maana yake, upepo unatoka mashariki, karibu kilometa 22 kwa saa. Wanataja kule unakotoka, si kule unakokwenda. Barabara ya Luano imelala magharibi na mashariki, ikipinda kidogo. Basi piloti atashuka akielekea mashariki, upepo umpige usoni. Njo unamsaidia kupunguza mwendo. Ukimsukuma ku mgongo, atahitaji barabara ndefu zaidi. Tena Luano iko karibu mita 1 300 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na ndeke inagusa udongo kwa mwendo mkali kuliko kule pwani.

Kisha mnara unasema mvua, mawingu, umbali wa kuona, na uzito wa hewa, ili chombo cha kupima urefu kisidanganye piloti. Ile namba ya uzito wa hewa, piloti anairudilia, kusudi kosa lijulikane mapema.

Lakini angalia hivi: mnara hausemi "upepo ni muzuri" kwa kumfurahisha mutu. Unasema vile ulivyo. Na piloti njo anaamua: kushuka, kungoja, ao kwenda uwanja mwingine.

Siku ile piloti wetu alingoja. Dhoruba ikapita, tukashuka. Mke wangu alikuwa anangoja ku mlango, nguo zimelowa, anatetemeka. Pale nikaelewa ngurumo ambayo yeye aliiona.

Bandugu vijana, mutu akikuambia ukweli wa upepo mbele haujashuka, usimkasirikie. Na sisi wazazi, watoto wakituuliza njia, tuwaambie upepo vile ulivyo.