Chupa Kutoka Verona

Mdogo wangu aliyeolewa Italia, huko Verona, alipokuja likizo mwaka 2019 aliniletea chupa moja ya mvinyo mweupe uitwao Soave. Akaniusia niunywe ukiwa baridi, tena kwa samaki, wala nisiuhifadhi kungoja sikukuu, kwa kuwa mvinyo wa namna ile utamu wake ni uchanga wake. Papo hapo nilijua nitaunywa na nani. Baba yetu amelima zabibu kule Mpunguzi, katika barabara ya Iringa, kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuonja mvinyo mweupe usio na sukari.

Msomaji asistaajabu kusikia habari za Italia Ugogoni. Wamisionari Waitalia ndio walioipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na wazee wetu, waliozoea uwele na mtama, wakaona kwamba mmea ule haukimbii ukame, na zaidi ya hayo unazaa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo chupa ile niliiona kama mgeni anayekuja kuwatazama jamaa zake.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Nilinunua perege wa Mtera, mama akawakaanga wakavu, kando akaweka ndimu, chumvi, ugali wa uwele na mlenda. Chupa niliizamisha katika ndoo ya maji na barafu za mifuko kutoka duka la soda. Mvinyo ulikuwa na rangi ya majani makavu, na ukali wake ulikuwa kama wa ndimu, lakini mpole. Ulimi uliojaa mafuta ya samaki ulisafika mara moja, ukatamani tonge jingine. Na mlenda je? Hapo nakiri kwamba mvinyo ulishindwa. Ule utelezi uliumeza wote. Kachumbari ya pilipili nayo iliugeuza ukawa mchungu. Kuhusu mbuzi wa kuchoma sina haja ya kujaribu: moshi na mafuta yake vinataka mvinyo mwekundu, au bia, tusidanganyane.

Baba alikunywa kidogo kidogo, bila kusema. Mwisho akauliza, "Zabibu hizi zilichumwa lini?"

Nikamwambia sijui, Baba.

"Zilichumwa kwa wakati wake," akasema. "Zingekaa juani wiki moja zaidi, ukali huu usingekuwapo."

Nilielewa anasema nini. Katika jua letu sukari hupanda upesi, na ukali hushuka upesi vilevile. Anayetaka mvinyo mweupe wenye uhai hana budi kuchuma mapema, asubuhi kungali na ubaridi, na kuzifikisha zabibu kiwandani kabla hazijapata moto. Baba aliyajua hayo. Lakini mwaka mmoja, zabibu zake nyeupe zilipokuwa tayari, mnunuzi alimwambia asubiri gari. Gari lilikuja baada ya wiki tatu. Zabibu zilikuwa zimelegea, nyuki wamejaa juu yake, na mnunuzi yule yule akazikataa nusu kwa kuwa, eti, zimepita. Msimu uliofuata baba aling'oa mistari ile akapanda nyekundu, isipokuwa minne iliyo karibu na nyumba, ambayo mama alimzuia. Tangu siku hiyo husema zabibu nyeupe si mali, na sisi watoto tuliamini kwamba hazipendi.

Sasa alikuwa ameishika bilauri akiitazama kwenye mwanga wa mlango. "Kumbe ndivyo hivi," akasema, akamsogezea mama ili naye aonje. Mama alikunja uso, akaomba soda.

Kesho yake alfajiri nilimkuta baba katika mistari ile minne, koti begani, akionja punje moja moja na kutema maganda. Alikuwa bado hajapata mnunuzi. Aliniagiza nikamwazime jirani makreti sita.